Kufunga Si Kinyume cha Kufungua: Uhakiki wa Lugha ya Maelekezo ya Kuunganisha Upya Klachi na Giaboksi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya maelekezo ya ufundi wa magari kwa kuangalia hatua moja mahususi: kuandaa na kulainisha sehemu za klachi na giaboksi wakati wa kuunganisha upya gari lililofunguliwa. Hoja kuu ni kwamba kanuni iliyozoeleka katika vitabu vya ukarabati, inayomweleza msomaji kuwa kufunga ni kinyume cha kufungua, inaficha kazi ambazo hazina kinyume, yaani kusafisha, kukausha, kupaka na kupangusa. Kanuni hiyo inapohamia katika Kiswahili hupata nguvu zaidi kutokana na jozi za vitenzi vya kauli ya kutendua. Makala yanaonesha kwamba Kiswahili kina vitenzi vya kutosha vya kutofautisha kazi hizo, na kwamba pengo lililopo si la majina ya vipuri bali ni la vitenzi, vipimo na makatazo. Mwishoni yanatoa matini ya mfano na mapendekezo kwa waandaaji wa mitaala na vyombo vya kusimamia Kiswahili katika Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Lori linaloondoka Dar es Salaam kuelekea Kigali au Bujumbura hupanda mlima Sekenke, mkoani Singida, likiwa na mzigo wake kamili. Mlima wa namna hiyo ndio mtihani wa klachi. Ikiwa uso wa sahani ya klachi uliguswa na grisi siku ilipofungwa, hapo ndipo injini inapozunguka kwa kelele bila magurudumu kupata nguvu, na harufu ya kuungua ikaingia kwenye kibanda cha dereva. Fundi atakayeitwa si yule aliyeifunga, na huenda anatoka nchi nyingine. Giaboksi itashushwa mara ya pili, mzigo utachelewa, na mwenye gari atalipa gharama mbili kwa kosa lililosababishwa na grisi isiyojaa kijiko.

Kwa kawaida kosa la aina hiyo huhesabiwa kuwa la mkono wa fundi. Husemwa kwamba fundi hakuwa makini, au hakufundishwa ipasavyo. Makala haya hayakatai uwezekano huo, lakini yanaangalia upande mwingine ambao wataalamu wa lugha hawajaupa uzito unaostahili. Nyuma ya mkono wa fundi kuna maelekezo, ama yaliyoandikwa kitabuni au yaliyosemwa na fundi mkuu kwa mwanagenzi wake. Maelekezo ni matini, na matini huweza kuhakikiwa: inasema nini, inanyamazia nini, na inamchukulia msomaji wake kuwa nani.

Klachi imechaguliwa kwa sababu inaweka bayana tatizo ambalo katika sehemu nyingine za gari hujificha. Ndani ya nafasi inayoenea viganja viwili, kuna sehemu zinazotakiwa kuwa na grisi, sehemu zinazotakiwa kuwa na oili, sehemu zilizokuja na grisi yake kutoka kiwandani na hazitakiwi kuongezewa, na sehemu ambazo tone moja la mafuta huziharibu. Neno moja la jumla likitumika kwa zote, matini itakuwa sahihi kisarufi na yenye madhara kikazi.

2.0 Kanuni ya Kinyume katika Vitabu vya Ukarabati

Miongoni mwa vitabu vya ukarabati wa magari vilivyoenea zaidi katika Kiingereza ni mfululizo wa Haynes. Kitabu cha kwanza cha miongozo hiyo, kilichohusu gari aina ya Austin-Healey Sprite, kilitoka Uingereza mwaka 1966. Msingi wa mfululizo huo ulikuwa kulifungua gari halisi na kulifunga tena huku hatua zikipigwa picha, jambo lililoupa heshima kubwa miongoni mwa mafundi na wenye magari. Hata hivyo, mfululizo huohuo ndio uliojulikana sana kwa kanuni moja fupi: baada ya kueleza kwa kirefu namna ya kutoa kipuri, mwandishi humwambia msomaji kwamba kukirudisha ni kufuata hatua zilezile kinyumenyume.

Faida ya kanuni hiyo ni dhahiri. Huokoa kurasa, huepusha marudio, na kwa vipuri vingi ni kweli. Taa iliyotolewa kwa kufungua skrubu nne hurudishwa kwa kufunga skrubu nne. Aidha, ni haki kukiri kwamba waandishi wa miongozo hiyo mara nyingi huongeza, chini ya kanuni, orodha ya mambo ya kuzingatia. Maelekezo ya kupaka grisi kwenye meno ya shafti au kusafisha uso wa flaiwili hupatikana humo.

Uhakiki unaanzia hapohapo, katika nafasi ambayo maelekezo hayo yamepewa. Kazi ya kulainisha haikuachwa kabisa, bali imewekwa kama kiambatisho cha kanuni. Msomaji anapewa kwanza sheria kuu, kwamba hakuna jipya katika kufunga, kisha anaongezewa mambo machache kama vile ni ya pembeni. Muundo huo wa matini hupanga umuhimu katika akili ya msomaji. Kwa fundi aliye chini ya gari, mikono ikiwa imechafuka na mwenye gari akimsubiri, sheria kuu ndiyo inayobaki kichwani na viambatisho ndivyo vinavyosahaulika.

Mantiki ya kanuni yenyewe pia ina kasoro. Wakati wa kufungua klachi, hakuna hatua ya kutoa grisi kwenye meno ya shafti; grisi ya zamani imekwisha kukauka, kuliwa au kugeuka vumbi. Hakuna hatua ya kulainisha flaiwili. Ilikuwa kavu tangu awali. Hakuna hatua ya kuipaka presha pleti mafuta ya kuzuia kutu. Utando huo umewekwa kiwandani juu ya kipuri kipya. Kwa hiyo, mtu anayefuata hatua za kufungua kinyumenyume kwa uaminifu kamili atafika mwisho bila kusafisha, bila kukausha na bila kupaka chochote. Atakuwa ametii matini na kuharibu kazi.

Si miongozo yote iliyofuata mkondo huo wa lugha kavu. Mwaka 1969 nchini Marekani, John Muir alichapisha mwongozo wa magari ya Volkswagen ulioandikwa kwa lugha ya mazungumzo, ukimlenga mtu ambaye si fundi. Umuhimu wake kwa mjadala huu ni kuonesha kwamba maelekezo ya ufundi yanaweza kumchukulia msomaji kama mtu aliyepo, anayehitaji kuambiwa kinachofuata na sababu yake. Hadhi ya matini ya ufundi haitokani na ukavu wake.

3.0 Kauli ya Kutendua na Mtego Wake

Kanuni ya kinyume inapoingia katika Kiswahili, hukuta lugha iliyo tayari kuipokea. Kauli ya kutendua huzalisha jozi ambazo karakana huzitumia kila siku: funga na fungua, panga na pangua, ziba na zibua, chomeka na chomoa, bandika na bandua. Kwenye jozi hizo huongezwa nyingine zinazofanya kazi hiyohiyo bila mnyambuliko wa kutendua, kama vile kaza na legeza, au pandisha na shusha. Mwanagenzi anayeambiwa kwamba giaboksi iliyoshushwa itapandishwa, bolti zilizolegezwa zitakazwa, na kilichopanguliwa kitapangwa, huona kazi nzima kama safari ya kwenda na kurudi kwa njia moja.

Mtego huo unaonekana zaidi pale jozi inapokosekana. Kitenzi *paka* hakina mwenzake wa kutendua. *Pakua* ipo, lakini ni kinyume cha *pakia*, na matumizi yake ni kwenye mizigo na chakula cha chunguni. Aliyepaka grisi hawezi kuipakua. Atalazimika kuifuta, kuipangusa au kuiosha, na kila kimojawapo ni kazi tofauti yenye matokeo tofauti. Vivyo hivyo *kausha*, *safisha* na *kagua* si sehemu ya jozi za kutendua. Vitenzi hivi ndivyo vinavyotaja kazi za kufunga ambazo hazikuwapo wakati wa kufungua. Kwa maneno mengine, mahali ambapo sarufi inakosa jozi ndipo ambapo kanuni ya kinyume inakosa ukweli.

Sarufi hiyohiyo, hata hivyo, inatoa pia njia ya kutoka mtegoni. Katika Kiswahili, *fungua* ndicho kitenzi kilichonyambuliwa, na *funga* ndiyo asili yake. Vitabu vya ukarabati vimegeuza mpangilio huo: vinakifanya kitendo cha kufungua kuwa asili, kikielezwa kwa ukamilifu, na cha kufunga kuwa kivuli chake. Mwandishi wa Kiswahili anayekipa kitendo cha kufunga sura yake kamili hatakuwa anaigeuza lugha, bali atakuwa ameufuata mpangilio wake wa asili.

4.0 Vitenzi vya Kulainisha

Maelekezo ya mdomo katika karakana nyingi hutumia vitenzi viwili vya jumla: *weka grisi* na *tia oili*. Vinaeleweka haraka na kwa kazi nyingi vinatosha. Kwa klachi havitoshi, kwa sababu kila sehemu inadai kitendo chake.

Sehemu ya kwanza ni meno ya shafti ya giaboksi, ambayo sahani ya klachi huteleza juu yake. Hapa kitenzi kinachofaa ni *paka*, kwa kuwa maana yake katika matumizi ya kawaida inabeba wazo la utando juu ya uso, kama mtu anavyojipaka mafuta mwilini au anavyopaka rangi ukutani. Grisi inayotakiwa ni ile inayostahimili joto. Lakini kupaka pekee hakutoshi. Lazima kufuatwe na *pangusa*. Sahani husukumwa mpaka mwisho wa meno, hutolewa, na grisi iliyojikusanya kwenye kingo huondolewa. Ikiachwa, sahani itakapozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, grisi hiyo itarushwa kuelekea nje na kutua kwenye uso wa msuguano. Ikikosekana kabisa mahali inapohitajika, kitovu cha sahani hukwama kwenye meno, klachi haiachii vizuri, na gia hukwaruza zinapoingizwa. Zaidi ya hayo, zipo sahani ambazo kitovu chake kimepakwa nikeli kiwandani, nazo hazitakiwi kupakwa grisi. Kwa hiyo, hata katika sehemu hii moja, maelekezo kamili yanahitaji vitenzi viwili na sharti moja.

Sehemu ya pili ni bushi au beringi ndogo iliyo kwenye ncha ya krenkishafti, inayoshikilia ncha ya shafti ya giaboksi. Ikiwa ni bushi ya shaba yenye vinyweleo, kitenzi ni *lowesha*: bushi hunyweshwa oili mpaka ivijaze vinyweleo vyake, kwa kuwa grisi nzito huweza kuviziba. Ikiwa ni beringi iliyofungwa kwa sili, kitenzi sahihi ni katazo: usioshe, usitie chochote.

Sehemu ya tatu ni beringi ya kusukumia klachi. Mazoea ya kuosha kila kipuri kwa petroli yana sababu nzuri katika kazi nyingine, lakini beringi hii hutoka kiwandani ikiwa na grisi yake na imefungwa. Petroli ikipenya ndani huyeyusha grisi ambayo haiwezi kurudishwa. Mrija ambao beringi hiyo huteleza juu yake hupakwa grisi kidogo pale chuma kinapokutana na chuma. Beringi yenye mkono wa plastiki kwa kawaida huachwa kavu. Kichwa cha duara ambacho uma wa klachi huegemea, pamoja na ncha za uma huo, hupakwa grisi.

Sehemu ya nne ni nyuso za msuguano, yaani uso wa flaiwili, wa presha pleti na wa sahani yenyewe. Kitenzi cha hapa ni *kausha*, na kinatanguliwa na *safisha*. Neno *safi* hata hivyo lina mtego wake. Katika karakana nyingi, kipuri kilichooshwa kwa dizeli huhesabiwa kuwa safi, na kwa macho ni safi kweli. Lakini dizeli huacha utando wa mafuta. Flaiwili inaweza kung'aa kama sahani ya mezani na bado isiwe safi kwa ajili ya klachi. Matini inayosema tu kwamba flaiwili isafishwe imeacha swali kubwa bila jibu: isafishwe kwa nini, na mpaka iweje? Jibu la kikazi ni kwamba itumike dawa inayoyeyusha mafuta na kukauka bila kuacha kitu, kama ile ya kusafishia breki, na kipimo ni kitambaa cheupe kinachopitishwa juu yake na kutoka bila alama.

Sehemu ya tano ni mfumo wa mafuta unaosukuma klachi katika magari yasiyotumia waya. Mipira ya ndani ya mfumo unaotumia mafuta ya breki huvimba na kuharibika ikiguswa na grisi au oili ya kawaida itokanayo na petroli ghafi. Hapa hutumika mafuta ya breki yenyewe au grisi iliyotengenezwa kwa ajili ya mipira hiyo. Fundi aliyezoea kwamba kila kinachoteleza hupakwa grisi atafanya kosa ambalo halionekani siku hiyo, bali baada ya siku kadhaa pale kanyagio litakapozama.

Ndani ya giaboksi hali ni tofauti tena. Beringi, gia na ringi za sinkronaiza hupakwa au kuchovywa katika oili ya giaboksi wakati wa kufungwa, ili zisizunguke zikiwa kavu katika sekunde za kwanza kabla oili iliyojazwa haijarushwa kila mahali. Mdomo wa sili hupakwa grisi nyembamba au oili ili usichanike shafti inapopita. Aina ya oili nayo si jambo la hiari. Oili yenye alama ya GL-5 ina viongezi vingi zaidi vya kuhimili shinikizo kuliko ile ya GL-4, na baadhi ya oili hizo huweza kudhuru shaba ya sinkronaiza au kuifanya iteleze mno isiweze kuzilinganisha kasi za gia. Kusema tu *jaza oili ya gia* ni kuacha uamuzi mzito mikononi mwa muuzaji wa dukani.

Kwa muhtasari, sehemu chache zilizo karibu karibu zimedai *paka*, *pangusa*, *lowesha*, *chovya*, *jaza*, *safisha*, *kausha* na makatazo kadhaa. Vyote hivyo ni vitenzi vya kawaida vinavyojulikana na kila mzungumzaji wa Kiswahili. Hakuna hata kimoja kinachohitaji kuundwa.

5.0 Tatizo la Neno *Kidogo*

Baada ya kitenzi, kinachofuata kwa uzito ni kiasi. Maelekezo ya Kiswahili hutegemea mno neno *kidogo*. Katika mazungumzo neno hili lina kazi mbili. Hutaja kipimo, kama katika *chumvi kidogo*, na hulainisha ombi, kama katika *ngoja kidogo* au *nisaidie kidogo*, ambapo halipimi chochote bali linaonesha adabu. Mwanagenzi anayesikia *paka grisi kidogo* hawezi kujua kwa hakika kama amepewa kipimo au ameombwa kwa upole. Hata akielewa kuwa ni kipimo, kidogo cha fundi aliyezoea beringi za magurudumu, ambazo hushindiliwa grisi kwa kiganja, ni kingi mno kwa meno ya shafti.

Njia bora ni kueleza kiasi kwa matokeo yanayoonekana. Badala ya *kidogo*, matini inaweza kusema: *utando mwembamba unaoacha umbo la kila jino lionekane, pasiwe na donge kati ya meno*. Maelezo hayo hayahitaji mizani wala chombo cha kupimia. Yanahitaji jicho, na jicho fundi analo.

6.0 Majina Mengi, Vitenzi Vichache

Juhudi za istilahi katika Kiswahili zina historia ndefu na mafanikio yasiyobezwa. Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, lilitoa mfululizo wa Tafsiri Sanifu, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kazi za namna hiyo kwa asili yake ni orodha: upande mmoja istilahi ya Kiingereza, upande wa pili kisawe chake. Orodha hupendelea nomino, kwa sababu nomino ndiyo inayotafutwa na mtu asiyejua jina la kitu.

Lakini karakana haina upungufu wa majina. Klachi, giaboksi, beringi, shafti, sili na bushi zimekwisha kupata makao, na fundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam na yule wa Nairobi wataelewana bila mkalimani. Tofauti zipo zaidi upande wa magharibi. Mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na nchini Burundi, majina mengi ya vipuri huchotwa kutoka Kifaransa. Tofauti hiyo ni halisi na inastahili orodha ya majina sambamba, lakini haizuii kazi, kwa sababu kipuri kinaweza kuoneshwa kwa kidole. Kitendo hakioneshwi kwa urahisi huo, na sababu ya kitendo haioneshwi kabisa.

Inaweza kupingwa kwamba mafundi wa eneo hili hujifunza kwa kuangalia wala si kwa kusoma, na kwamba magari mengi yamefungwa vizuri bila matini yoyote. Pingamizi hilo lina ukweli. Ujuzi wa mkono unaopita kutoka kwa fundi mkuu kwenda kwa mwanagenzi ni hazina, na hakuna kitabu kinachoweza kuchukua nafasi yake. Udhaifu wake ni kwamba hupokezana kitendo bila sababu. Mwanagenzi aliyeona grisi ikipakwa kwenye kila shafti ataipaka pia kwenye kitovu cha nikeli, na aliyeona kila beringi ikioshwa ataiosha pia iliyofungwa. Mazoea hutosha maadamu vipuri havibadiliki. Katika soko linalopokea kila mwezi magari yaliyotumika kutoka Japani na kwingineko, ya miaka na miundo tofauti, vipuri hubadilika kuliko mazoea. Anayejua sababu ndiye anayeweza kubadilisha kitendo pale kipuri kinapobadilika.

7.0 Matini ya Mfano

Ili hoja isibaki ya nadharia, matini ifuatayo imetungwa kuonesha kwamba Kiswahili kinaweza kueleza kazi ya kufunga kama kazi inayojitegemea. Inahusu klachi kavu ya sahani moja, na pale inapohitilafiana na maagizo ya mtengenezaji wa gari husika, maagizo hayo ndiyo yafuatwe.

*Kwanza, nawa mikono. Osha uso wa flaiwili na wa presha pleti kwa dawa ya kusafishia breki, kisha pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na alama, rudia. Presha pleti mpya ina utando wa mafuta ya kuzuia kutu, nayo ioshwe vilevile. Kuanzia hapa usishike nyuso hizo kwa vidole.*

*Pili, kagua kitovu cha sahani. Kama hakikupakwa nikeli na mtengenezaji hajakataza, paka meno ya shafti utando mwembamba wa grisi ya joto kali, umbo la kila jino likionekana. Sukuma sahani mpaka mwisho, itoe, kisha pangusa grisi yote iliyojikusanya kwenye kingo, kwa sababu ndiyo itakayorushwa kwenye uso wa msuguano.*

*Tatu, bushi ya shaba iloweshe kwa oili. Beringi iliyofungwa kwa sili usiioshe wala usiiongezee grisi.*

*Nne, hakikisha upande wa sahani ulioandikwa kuwa wa flaiwili unaielekea flaiwili. Ipange katikati kwa kifaa chake, kisha kaza bolti za presha pleti hatua kwa hatua kwa kukatiza, si kwa kuzunguka, ili isipinde. Nyuzi za bolti usizitie oili isipokuwa umeagizwa; bolti yenye oili ikikazwa kwa nguvu ileile hujivuta zaidi kuliko iliyo kavu.*

*Tano, paka grisi kwenye kichwa cha duara cha uma na kwenye ncha zake. Pandisha giaboksi ikiwa imeshikiliwa mpaka bolti zake zishike. Usiiache ining'inie kwa shafti, kwa kuwa uzito wake hupinda kitovu cha sahani.*

Matini hiyo si fupi kama kanuni ya kinyume. Lakini kila agizo ndani yake lina mahali, kitendo na mpaka, na pale ambapo kosa ni rahisi kufanyika, lina sababu. Hakuna neno lililoundwa kwa ajili yake.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mazingira ya kisera yanaruhusu hatua hii. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar ina jukumu la kukiendeleza katika eneo zima. Hata hivyo, hadhi ya lugha hupimwa pia chini ya gari, pale inapotakiwa kumwambia mtu afanye nini bila kumharibia kazi.

Mapendekezo ni manne. Kwanza, mitaala ya ufundi stadi iache kanuni ya kinyume katika kazi zote zinazohusu kulainisha, kusafisha au kukaza kwa kipimo, na iandike kufunga kama mfululizo kamili wa hatua. Pili, kila agizo la kulainisha lijibu maswali matano: wapi, kwa nini, kwa kilainishi gani, kwa kiasi gani, na wapi pasiguswe. Tatu, kamusi za istilahi za ufundi zipe vitenzi nafasi sawa na nomino, zikionesha tofauti kati ya *paka*, *tia*, *jaza* na *lowesha* kwa mifano ya kazi. Nne, matini za maelekezo zijaribiwe kabla ya kuchapishwa kwa kumpa mwanagenzi asiyeisaidiwa na mtu kufanya kazi kwa kuzifuata. Anapokosea, isahihishwe matini kwanza.

Fundi wa klachi hulaumiwa kwa kosa ambalo mara nyingine aliliambiwa alifanye, au hakuambiwa aliepuke. Lugha iliyo na *paka* na *pangusa* haina sababu ya kumwacha na *weka* peke yake.